Vyumba Vina Wenyewe, Paa Halina

Fundi alishuka ngazi kinyumenyume, akapangusa vumbi la chokaa magotini, akajikalia barazani kabla sijamkaribisha. Nikampa gilasi ya maji. Aliishika tu mkononi, akatazama kule juu alikotoka, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, paa hili ni la nani?"

Nikacheka. Nikamwambia nyumba ni yetu sote, ya marehemu bibi, na yeye anajua hivyo kuliko mimi, maana baba yake ndiye aliyewahi kuipiga niru, ile plasta laini ya chokaa.

"Nyumba naijua. Mimi nauliza paa."

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimewauliza watu wazima, nimefungua makaratasi, nimekwaruzana kidogo na jamaa zangu kwenye simu, na swali halijanitoka. Nimeamua kuliandika kwa sababu nadhani Mkomani, mtaa wetu katika mji wa kale wa Lamu, imejaa mapaa ya namna hii.

## Hodi ya juu

Nilimwita kwa ajili ya doa. Mvua za vuli zilipokwisha zilituachia doa la kahawia kwenye dari ya chumba cha ndani, juu ya zidaka, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vitu, lenye ukingo uliokoza. Kaskazi ilipoanza kulegea nikaona bora paa litazamwe kabla masika hayajaingia.

Lakini huku kwetu hupandi paa hivihivi. Nyumba zimepeana mgongo, na anayesimama juu ya yetu anaona viwanda, yaani nyua za ndani, vya watu watatu: nguo kambani, mwanamke anachana nywele, mtu kajinyoosha mkekani. Kwa hiyo fundi alituma mtoto kwanza apite nyumba kwa nyumba kutoa habari. Alipofika kidato cha mwisho akasimama, kichwa kikiwa bado chini ya ukingo, akapaza sauti: "Hodi! Fundi yuko juu!" Akangoja. Zikasikika nyayo, mlango ukafungwa mahali, redio ikapunguzwa. Kisha majibu yakaanza kuja. "Panda, baba." "Haya, panda." Na kutoka upande wa kibla, sauti ya jirani yetu mtu mzima: "Panda, na ukimaliza uje untazamie na ukuta wangu!"

Miaka yote nimeichukulia hodi hiyo kuwa adabu tu. Siku ile niliona kwamba ni sehemu ya ukaguzi wenyewe. Jirani ndiye anayejua maji yanatuama wapi baada ya mvua, mche gani umeota kwenye ufa, paka wa nani wanazalia ndani ya makuti. Wewe unaishi chini ya paa lako. Yeye anaishi akilitazama.

Na hakuna aliyewahi kumuuliza.

## Asubuhi nzima, kichwa juu

Hodi yenyewe ilikuja adhuhuri imekaribia. Kabla ya hapo fundi hakugusa ngazi. Alizunguka chumba kwa chumba, shingo kaikunja, tochi mkononi hata palipokuwa na mwanga.

Boriti zetu ni za mkoko, na mkoko una kimo chake, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu. Upana ni mita mbili na nusu, mita tatu ukijitahidi. Juu ya boriti kuna vipande vya matumbawe, juu yake kifusi na chokaa, na uzito wote huo unaishia kwenye vichwa viwili vya mti vilivyofukiwa ukutani. Mtu wa kawaida akitazama juu anaangalia katikati ya boriti, pale penye rangi nyekundu ya zamani. Fundi hakujali katikati. Alipanda juu ya stuli akamulika pembeni kabisa, mti unapoingia kwenye ukuta.

"Ukuta unakunywa," alisema, "na mti unakunywa kwa ukuta."

Akatoa bisibisi kuukuu mfukoni, akawa anaisukuma kwenye vichwa kimoja kimoja, taratibu. Kwenye boriti nyingi ncha iligota palepale. Chini ya lile doa ikazama. Haikutoa sauti yoyote. Chuma kiliingia hadi karibu na mpini, na alipokichomoa kilikuwa na ungaunga mweusi, wenye unyevu, unaonuka kama pwani maji yakiwa yametoka. Akaupaka kwenye kiganja changu ili nami niushike. Boriti ya pili yake ikawa vilevile.

Kisha akazigonga zote kwa mpini wa nyundo, moja baada ya nyingine, akisikiliza. Nzima inalia. Iliyooza inanung'unika. Nilijaribu mwenyewe baadaye, na nakuapia huhitaji ufundi wowote kuisikia tofauti hiyo; unahitaji tu kuwa na sababu ya kugonga.

Nyufa nazo alizisoma kwa namna ambayo sikuijua. Ufa wenye vumbi na utando wa buibui hakuupa hata dakika, huo ulishamaliza kazi yake zamani. Alitafuta ule wenye kingo nyeupe safi, maana huo ni wa juzi, na mti uliousababisha bado unashuka. Ule unga mweupe unaotoka ukutani, ambao mama zetu huufagia kila Ijumaa, akasema ni chumvi. Maji yanapopita ndani ya mawe huichukua, yanapokaukia nje huiacha. Ukiona unga umehama kutoka chini ya ukuta ukaanza kutokea juu, karibu na dari, jua maji sasa yanatoka juu.

Vijia vya udongo vya mchwa alivikuta kwenye kizingiti cha mlango wa ngazi. Akavivunja kwa kidole. Vilikuwa vikavu, vimehamwa. Hiyo ndiyo ilikuwa habari njema ya siku.

## Tundu la kiganja kimoja

Huko juu alianza kwa kumwaga ndoo ya maji. Nilitegemea yatiririke kwenda kwenye mlizamu, ule mfereji wa kutolea maji paani, ndiyo kazi yake. Yalikwenda kidogo, yakasita, yakarudi katikati yakatuama. Mlizamu wenyewe ulikuwa umezibwa na vumbi la makuti na kiota cha kunguru chenye vipande vya waya. Pembeni, ukingo unapokutana na sakafu, palikuwa na mche wa mwarobaini wa kimo cha shubiri, wenye afya kabisa.

Halafu akachukua patasi akachimba tundu la upana wa kiganja karibu na ufa, akaniita nipande nitazame.

Juu kabisa, saruji ya kijivu, ngumu: hiyo ni ya binamu yangu, alipoweka tangi la maji kwa ajili ya wageni anaowapangisha chumba chake. Chini yake ukanda mweusi wa lami, ambao Ami aliupaka kabla hajahamia Jeddah. Chini ya lami, saruji nyekundu, na hiyo naikumbuka: ni kazi ya marehemu baba, nilikuwa mdogo, aliisugua mpaka ikang'ara na sisi tukakatazwa kukanyaga. Chini ya nyekundu, chokaa.

Ile chokaa ya chini ilikuwa nyeupe, imeshikana, ukucha haukuingia.

Nilichuchumaa pale juani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kila aliyeona doa juu ya chumba chake alipanda akaongeza kitu. Kwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyepunguza.

Fundi alinieleza kilichotokea, nami nakieleza hapa kwa sababu nadhani kinaendelea juu ya vichwa vya wengi. Chokaa ni laini kidogo, inapumua: ikinyeshewa inaloa, jua likitoka inakauka. Saruji ni ngumu na haifuati mti unavyopanda na kushuka kwa joto na unyevu, kwa hiyo inapata nyufa nyembamba kama unywele. Maji yanaingia humo, na yakishaingia hayana pa kutokea kwa sababu juu kumefunikwa. Basi yanatafuta njia pembeni, kwenye ukuta, na ukutani ndiko vichwa vya boriti viliko. Saruji iliyomwagwa ili kuuokoa mti ndiyo iliyoupelekea maji.

Kuna na uzito. Nilikaa usiku nikapiga hesabu. Chumba chetu cha ndani kina upana wa mita 2.7 na urefu wa mita 6, yaani mita za mraba 16 na kidogo. Tabaka la saruji la sentimita 5 juu ya eneo hilo ni zaidi ya tani moja na nusu. Hilo ni tabaka moja. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nyingine, imekaa mahali pamoja, na pahali penyewe ni hatua chache tu kutoka kwenye zile boriti mbili.

Wazee walifanya vingine. Sakafu ilipigwa kwa vipande, yale magongo ya kupondea, watu wakiwa wamejipanga, kwa nyimbo na kwa mdundo, mpaka chokaa ikashikamana. Ilikuwa kazi ya mtaa, na nadhani hapo pana jambo ambalo sikuliona mpaka lile swali la fundi lilipoanza kunisumbua: huwezi kupiga sakafu ya chumba kimoja. Ukipiga, unapiga paa zima.

## Makuti na mabati, kwa haraka

Nusu ya juu yetu ina makuti, pale palipokuwa na jiko la bibi, na ubavuni kuna kibanda cha mabati cha juzijuzi. Sina mengi ya kusema.

Makuti unayakagua mchana ukiwa chini yake: ukiona vitone vya mwanga, mvua nayo inaona. Yetu yamebakiwa na msimu mmoja. Fundi aligusa masizi kwenye makombamoyo, miti inayobeba makuti, akasema moshi ulikuwa dawa ya wadudu, na tangu jiko la gesi liingie wadudu wamerudi. Kilichomtisha zaidi ni waya wa umeme uliopitishwa katikati ya makuti bila bomba. Kila mtu hapa anajua moto wa makuti unavyoruka kutoka nyumba hadi nyumba, na anajua vichochoro vyetu haviingizi gari la zimamoto. Waya huo ulitolewa siku hiyohiyo, sikungoja kikao cha mtu.

Mabati yana kutu kwenye matundu ya misumari na pale yanapolaliana. Ni ya geji 32, membamba, ya bei nafuu, na hewa ya bahari haina huruma na bati jembamba. Yatatoka. Katika mji huu wa kale yalikuwa hayastahili kuwekwa tangu mwanzo.

## "Chumba changu hakivuji"

Nilipiga picha lile tundu nikaiweka kwenye kundi la WhatsApp la familia. Nikaandika alichosema fundi, na kwamba boriti mbili lazima zitolewe kabla ya mvua.

Wa kwanza kujibu alituma mikono ya dua. Wa pili akauliza gharama. Kisha ukimya wa siku nzima, halafu Ami kutoka Jeddah: "Mimi chumba changu hakivuji."

Nilikasirika. Nilipopoa nikaenda kufungua sanduku la makaratasi, nikaisoma ile karatasi ya mirathi kwa mara ya kwanza nikiwa natafuta kitu. Bibi alipofariki, nyumba iligawanywa kama sheria inavyotaka, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja, na waliokaa kuigawanya walikuwa waangalifu sana. Chumba cha ndani kimeandikwa. Msana, ukumbi wa mbele, umeandikwa. Kiwanda ni cha wote, kisima ni cha wote, ngazi ni ya wote, njia ya kwendea choo ni ya wote. Hata mlango wa nje wa nakshi umetajwa, kwamba asiuuze mtu.

Paa halimo.

Si kwamba kulikuwa na hila. Nadhani halikuwajia tu akilini. Bibi alipokuwa hai paa lilikuwa lake kama ilivyokuwa kila kitu. Alijua siku ya kumwita fundi kama anavyojua siku ya kutoa nguo za Idi. Alipoondoka, vyumba vikapata wenyewe na paa likabaki pale juu. Kwa maana ya sheria, Ami alikuwa sawa: chumba chake hakivuji, na chumba ndicho alichorithi. Kwa maana ya maji, alikuwa anaota.

Nilimwendea sheikh wa mtaani kwetu. Sikutaka fatwa, nilitaka kusikia tu. Akaniambia suala la mwenye chini na mwenye juu, na dari iliyo kati yao, liko kwenye vitabu vya fikihi tangu karne nyingi, kwa hiyo nisidhani familia yangu ni ya kwanza kugombania dari. Akanikumbusha hadithi anayoijua kila mtoto wa madrasa, kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Kisha akaongeza, akitabasamu, kwamba hata yeye nyumbani kwao wana kesi ya mlizamu.

## Milango na mapaa

Wenyewe tunasema nyumba njema si mlango. Lakini Lamu imejulikana duniani kwa milango. Tangu UNESCO ilipouweka mji huu wa kale kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, milango imepigwa picha mpaka imechoka. Paa hakuna anayelipiga picha, labda akiwa anapiga machweo.

Vuka maji uende kwenye magofu ya Takwa, kule kisiwa cha Manda. Kuta za msikiti zimesimama, mihrabu imesimama, unaweza kuhesabu milango ya watu waliohama karne nyingi zilizopita. Paa hakuna. Magofu ya Gede, kule karibu na Malindi, ni hivyohivyo. Siku hizi nikifika magofuni nazitazama kingo za juu za kuta, nikijiuliza ni boriti ipi ilianza na nani aliambiwa.

Binamu alitoa rai kwenye kundi: tubomoe yote tumwage zege la nondo, tumalize. Inavutia, nakubali. Nilimpelekea fundi. Akaniuliza mchanga tutautoa wapi. Mchanga wenye chumvi ndani ya zege hula nondo, na chuma kikishika kutu hutanuka na kulipasua zege kutoka ndani. Nenda kaangalie dari za nyumba zilizojengwa hivyo ufuoni, zinavyobambuka vipande na vyuma vikiwa nje. Na kuta zetu za mawe na chokaa hazikupangiwa mzigo ule. Boriti mbili mpya ni nafuu na ni salama zaidi, hata kama boriti zenyewe si rahisi kama zamani. Serikali iliposimamisha ukataji miti mwaka 2018, wakataji mikoko wetu nao walisimamishwa, katika kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na watu wengi waliahirisha mapaa yao kwa sababu hiyo. Wengine hawajarudi kuyatazama mpaka leo.

Mwengine akasema kile ambacho kila familia ya Mkomani imeshakisikia: kwa nini tusiiuze. Wapo wazungu wanaonunua.

Hapo ndipo fikra zangu zilipogeuka, na si kwa namna niliyoitarajia. Nilimuuliza fundi kuhusu nyumba hizo, kwa sababu anafanya kazi humo pia. Akasema mapaa yao ni mazima. Nikasema ndiyo, wana pesa.

"Pesa wanazo," akasema. "Lakini ukimaliza kutazama, unashuka, unamwambia mtu mmoja. Kwenu nishuke nimwambie nani?"

Nilikuwa nimeshazoea kuamini kwamba nyumba zetu zinaanguka kwa ufukara. Sehemu ni kweli. Lakini ukijumlisha ile lami, zile saruji mbili, kazi ya mafundi waliozimwaga na mabati ya juzijuzi, familia yetu imetumia kwenye paa hilo pesa ambazo zingelipiga chokaa zima tena, na zikabaki. Hatukukosa pesa. Kila mmoja alinunua kipande chake cha kinga, akashuka.

## Ukuta wa upande wa kibla

Fundi hakumsahau jirani. Alimaliza kwetu akaenda kwake, nami nikafuata.

Ukuta ule ni mmoja, tunaushirikia. Upande wake, chumba cha mjukuu wake, plasta ilikuwa imevimba kutoka juu hadi usawa wa kifua, na ukiigusa inaanguka. Amehamisha kitanda. Anatwambia haya huku anatutengea kahawa, bila lawama yoyote, jambo lililofanya iwe vigumu zaidi kukaa pale.

"Tangu tangi liwekwe," alisema.

"Mbona hukusema, Mama?"

"Ningemwambia nani? Wewe una chumba chako. Tangi si lako."

Fundi aligonga ukuta, akasikiliza, akasema kwa Kiamu chake kile alichokuwa amekwisha kuniambia kwa njia nyingine: "Mai hayana ndia moya." Yalikuwa yanatoka kwenye ufa wetu, yanapita juu ya boriti zetu, yanashukia kwake. Sisi tulikuwa na doa. Yeye alikuwa na maradhi.

Kwa hiyo hata orodha yangu ya wenye paa ilikuwa pungufu. Niliwaweka warithi wote, waliopo na walio ng'ambo. Yeye sikumweka, na ndiye aliyekuwa analilipia kuliko sisi.

Usiku ule niliandika kwenye kundi tena. Sikutuma picha ya tundu. Nilituma picha ya kitanda cha mtoto kilichosogezwa katikati ya chumba. Ami alipiga simu kabla ya alfajiri ya kwao. Alimjua jirani yule tangu utotoni. Alikuwa akipewa vitumbua naye.

## Tulipofikia

Sitaki kulipamba. Hatujapatana kila kitu, na kuna mmoja ambaye amejitoa kwenye kundi.

Tumekubaliana kwamba paa liwe na mwenye kuangalia, mmoja, kwa mwaka, na zamu ihame. Mwenye zamu ana ruhusa ya kumpandisha fundi mara mbili, kaskazi ikiisha na kabla ya vuli, bila kuomba idhini ya mtu, na ana ruhusa ya kusema hapana kwa yeyote anayetaka kumwaga kitu huko juu. Kila mrithi anatoa kwa fungu lake la mirathi, awe chumba chake kinavuja au hakivuji. Kodi ya chumba cha wageni inatoa zaidi, kwa kuwa mzigo wake ni mzito zaidi. Hilo lilichukua muda, na maneno yalitoka ambayo Idi itabidi iyafute. Karatasi imeandikwa, imetiwa sahihi kwa picha za simu kutoka miji minne. Sijui ina nguvu gani mbele ya kadhi. Mbele ya Khale, mtu mzima wa familia yetu, ina nguvu za kutosha.

Nina shaka zangu. Mwaka huu zamu ni yangu, na mimi ndiye ninayelala chini ya zile boriti, kwa hiyo kazi itafanyika. Zamu ikimfikia aliye Nairobi, asiyesikia mvua ya Lamu ikinyesha? Ami amependekeza tuuweke ukaguzi kwenye kalenda ya simu zetu sote. Bibi hakuhitaji kalenda, lakini bibi alikuwa mmoja.

Kazi imeshaanza. Mlizamu umezibuliwa, mwarobaini umeng'olewa na mizizi yake, na punda wameshaleta boriti mbili kutoka gatini. Saruji inatolewa polepole kwa patasi na nyundo ndogo, kwa sababu nyundo kubwa ingetikisa yaliyo mazima, na kifusi kinashushwa kwa ndoo badala ya kurundikwa juu. Tumeifuata ile chokaa ya chini. Palipo pazima panaachwa. Palipovunjika panapigwa chokaa mpya, iliyozimwa na kuachwa ilale kabla ya kutumiwa, kisha panafunikwa magunia mabichi ili jua lisiikaushe kabla haijashika. Ukuta wa jirani utangoja ukauke wenyewe ndipo upigwe plasta, na hiyo ni juu yetu.

Limebaki tangi. Fundi anataka lihamie juu ya ukuta mnene wa ngazi, ambao unaweza kulibeba. Binamu anasema hapo mabomba yataonekana na wageni hawatapenda. Ami ametoa hukumu: tangi tutalizungumza mfungo sita, tukikutana Maulidi. Nimemwambia masika hayangoji Maulidi. Amesema anajua.

Kwa hiyo mpaka hapo linajazwa nusu, kwa amri ya mwenye zamu, na nimelitia alama ya rangi nyekundu pa kuishia. Binamu ameshaanza kulalamika kwamba wageni wake wanakatikiwa na maji wakiwa na sabuni mwilini.